Mechi ya Februari si ya kukamilisha ratiba

Februari 2025 kaunti ya Leitrim, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, iliwapa Fermanagh pointi mbili bila mpira kuguswa. Timu hizo zilipangwa kukutana katika daraja la tatu la Ligi ya Taifa ya mpira wa Kigaeli. Leitrim ilikuwa na majeruhi wengi, wengine hawakupatikana, na waliobaki hawakutosha kuteremsha kikosi cha maana uwanjani. Kaunti ikainua mikono, Fermanagh ikaandikiwa pointi za mezani, ratiba ikasonga mbele. Kwa anayehesabu makombe tu, hilo ni jambo la kupita. Februari katika mchezo huu ni mwezi wa tope na mvua ya ubavuni. Ubingwa wa Ayalandi yote husubiri kiangazi, na ligi hutazamwa na wengi kama mahali pa kupashia misuli moto. Mimi nashikilia kinyume chake. Kwa mshabiki wa kaunti ndogo, mechi ya ligi iliyopotea Februari ni hasara kubwa kuliko kipigo chochote cha Mei, kwa sababu ligi ndiyo shindano linalomtendea haki kuliko yote katika mchezo huu, na chama kinachouendesha kimeendelea kuliweka shindano hilo jikoni, limpikie mwenzake anayekaa sebuleni.

Kwa msomaji ambaye mpira anaoujua ni ule wa Simba na Yanga, au ule wa Uingereza unaoonyeshwa kwenye vibanda umiza, maelezo kidogo yanahitajika. Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mikono na miguu, dakika 70 katika ngazi ya kaunti. Milango ina umbo la herufi H: mpira ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo kwa kawaida ni alama moja, ukizama wavuni chini yake ni goli, nalo lina thamani ya alama tatu. Ndiyo maana matokeo yake husomeka kama daftari la duka: katika fainali ya Ayalandi yote ya 2025 Kerry iliifunga Donegal 1-26 kwa 0-19, yaani alama 29 kwa 19. Chama cha mchezo, GAA, kilianzishwa 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, na kaunti zake ni 32 za kisiwa kizima, zikiwemo sita zilizobaki chini ya Uingereza. Mpaka uliochorwa miaka ya 1920 mchezo huu haukuutambua. Lakini kinachoutofautisha zaidi ni kwamba ni mchezo wa ridhaa. Beki aliyecheza mbele ya watu 80,000 Jumapili, Jumatatu yuko darasani anafundisha, au yuko zizini, au juu ya jengo na nyundo mkononi. Hakuna dirisha la usajili wala ada ya uhamisho. Kijana huanza katika klabu ya parokia yake, na akiwa hodari huitwa na kaunti yake, basi. Leitrim haiwezi kumnunua mshambuliaji wa Dublin hata ikiangukiwa na tajiri. Mshabiki naye ni hivyo hivyo. Hakuichagua timu, amezaliwa nayo, wala hawezi kuihama kama mtu wa Dodoma anavyoweza kuamka asubuhi moja akaiacha Arsenal na kuvaa jezi ya Manchester City.

Mtu aliyefungwa na timu kwa kuzaliwa anastahili angalau kitu kimoja: kuingia uwanjani akijua kwamba leo inawezekana. Ubingwa wa kiangazi haumpi hicho. Umejengwa juu ya majimbo manne ya kale, Ulster, Leinster, Munster na Connacht, na kila kaunti huanzia katika jimbo lake. Kinachoamua nani akutane na nani ni jiografia, uwezo hauulizwi. Sensa ya 2022 iliihesabu Dublin watu zaidi ya milioni 1.4, na Leitrim watu 35,000 na ushei. Zote mbili ni kaunti, zote huteremsha watu 15. Dublin ilichukua ubingwa wa Leinster mara 14 mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2024. Mtoto wa Longford aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa mwanzo alikuwa mtu wa kupiga kura kabla mfululizo haujakatika. Munster nako Kerry na Cork wamezoea kupokezana kombe kama ndugu wanaopokezana baiskeli ya marehemu baba: katika miaka yote kati ya ushindi wa Tipperary wa 1935 na ule wa Tipperary hiyohiyo wa 2020, ni Clare peke yake, mwaka 1992, iliyowahi kuwanyang'anya. Leitrim imeshinda Connacht mara mbili tu tangu mchezo uanze, 1927 na 1994. Mwaka mmoja mmoja wa aina hiyo hukumbukwa na kusimuliwa hadi kwa wajukuu, na ni halali yao, ila utamu wake hauwezi kufidia Mei sitini za kufungwa na watu ambao wangekufunga hata wakicheza wakiwa na usingizi.

Ligi inakwenda njia nyingine kabisa. Ilianza msimu wa 1925, na tangu 2008 imegawanywa katika madaraja manne kwa uwezo, timu nane kila daraja. Kila timu hucheza mechi saba kati ya Januari na Machi. Wawili wa juu wanapanda, wawili wa mkiani wanashuka. Jumla ni timu 32, ingawa si zilezile 32 za ramani: Kilkenny, kaunti iliyoupa moyo wake wote mchezo wa magongo, ilijitoa katika ligi ya mpira baada ya msimu wa 2012, na nafasi moja huchukuliwa na London, timu ya wahamiaji wa Ayalandi ambayo uwanja wake wa nyumbani uko Ruislip, pembezoni mwa jiji hilo. Katika mpango huu Leitrim hukutana na Carlow, Waterford, Wicklow au Longford, timu za saizi yake na mfuko wa saizi yake. Kila wikiendi pana mechi inayoweza kwenda upande wowote. Mshabiki anayeendesha gari saa mbili kwenye barabara yenye barafu kwenda kuona mechi ya daraja la nne si mwendawazimu. Yeye ni mtu anayekwenda mahali ambapo matokeo hayajaandikwa. Ukitaka kujua kama shindano ni la kweli, usiangalie ukubwa wa kombe. Angalia kama mtu wa timu ya saba bado ana sababu ya kupiga hesabu katika wiki ya mwisho, na katika ligi hii anayo, maana nafasi ya saba ndiyo inayoshusha daraja na ya sita ndiyo inayokuokoa.

Chama chenyewe kinaujua ukweli huu, kwa sababu kimeanza kuuazima. Tangu 2023 timu 16 hucheza Kombe la Sam Maguire, ubingwa mkubwa, na zinazobaki hucheza Kombe la Tailteann lililoanzishwa 2022. Nafasi katika ligi husaidia kuamua nani aingie wapi. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba msaada huo hutolewa nusu: timu zote zinazofika fainali ya jimbo hupita moja kwa moja, na ligi huachiwa kugawa makombo. Matokeo yake yalionekana mwaka uleule wa kwanza. Sligo, iliyokuwa imeanza mwaka katika daraja la nne, ilifika fainali ya Connacht kwa kuzifunga London na New York, timu mbili za wahamiaji, ikaingia Sam Maguire. Meath, iliyokuwa daraja la pili, ikapelekwa Tailteann, na ikalibeba kombe hilo. (New York hiyo ilifika hapo kwa kuitoa Leitrim kwa mikwaju ya penalti kule Bronx, kuna kaunti ambazo bahati huzipita ikiwa imevaa viatu vya kimya.) Sligo haikufanya kosa lolote. Ilicheza na timu ilizopangiwa, tena ilikuwa imepanda daraja kwa jasho lake majira yaleyale. Lakini mfumo unaompa wa daraja la nne kiti alichonyimwa wa daraja la pili kwa sababu ya upande wa kisiwa aliozaliwa, hauwezi kujitetea kwa lugha ya michezo. Clare nayo ilifika fainali ya Munster mara tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, na mara zote tatu ikafungwa na Kerry, na mara zote tatu kule kufika tu kukaipa tiketi. Nani alifaidika hapo? Clare ilipata vipigo vya heshima. Walioachwa nje kwa ajili yake walipata baridi.

Sifa kubwa ya ligi, hata hivyo, haiko katika kugawa tiketi, iko katika ngazi yake. Mwaka 2019 Derry ilikuwa daraja la nne, na fainali ya daraja hilo iliicheza Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu, dhidi ya Leitrim hiihii na kushinda. Hiyo ni kaunti iliyowahi kuwa bingwa wa Ayalandi, mwaka 1993, ikiwa imeporomoka hadi sakafuni. Haikufufuliwa na kombe la kiangazi. Ilifufuliwa na mechi za ligi, daraja baada ya daraja: ikachukua la tatu mwaka 2021, ikapanda kutoka la pili 2023, na Machi 2024 ikaifunga Dublin kwa penalti na kuwa bingwa wa daraja la kwanza. Katikati ya safari hiyo ilitwaa pia ubingwa wa Ulster mara mbili, 2022 na 2023. Louth vivyo hivyo. Mickey Harte, kocha aliyeipa Tyrone ubingwa wa Ayalandi 2003, 2005 na 2008, aliikuta Louth mwishoni mwa 2020 ikiwa imelala daraja la nne. Katika misimu miwili iliruka madaraja mawili. Harte huyohuyo ndiye aliyekuwa benchi Derry iliposhinda ligi 2024, na mwaka 2025 alikuwa Offaly, akiongoza pamoja na mwenzake, timu ikapanda kutoka daraja la tatu. Mtu anaweza kumpenda au asimpende kwa ukali wake, lakini katika miaka ya karibuni amefanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: ameichukulia ligi kama kazi.

Hapa wanaoidharau ligi watasimama, na hoja yao ina meno. Watasema ligi hudanganya. Derry iliyoishinda Dublin Machi 2024, wiki tatu baadaye ilifungwa magoli manne na Donegal katika ubingwa wa Ulster, na kiangazi chake kikaisha kwa majonzi. Mayo ilishinda ligi tarehe 2 Aprili 2023, na tarehe 9 Aprili ikatolewa na Roscommon nyumbani kwake Castlebar. Dublin ilishuka kutoka daraja la kwanza 2022, na mwaka uliofuata ikawa bingwa wa Ayalandi. Armagh ikafanya karibu hivyohivyo: ilishuka 2023, ikacheza daraja la pili masika ya 2024, na Julai ikainua Sam Maguire kwa kuipita Galway alama moja. Kama jedwali la Machi lingekuwa na akili, wanauliza, lingewezaje kukosea hivi?

Halikukosea, ila watu wanalisoma vibaya. Chukua mabingwa wanne wa 2022 hadi 2025. Kerry ya 2022 na Kerry ya 2025 zilikuwa zimeshinda ligi ya daraja la kwanza miezi michache kabla. Dublin ya 2023 na Armagh ya 2024 zilikuwa zimetoka daraja la pili, zote mbili zikiwa zimepanda majira yaleyale. Hakuna hata mmoja aliyetoka la tatu wala la nne, na tangu madaraja yapangwe upya 2008 hajatokea bingwa wa namna hiyo. Kwa hiyo ligi haikuahidi kukutajia bingwa kwa jina; inakuchorea mstari, na mstari huo umesimama kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Hata Derry: 2025 ilishuka kutoka daraja la kwanza. Anayesema ligi ilidanganya 2024 akumbuke kwamba mwaka mmoja baadaye ligi hiyohiyo ndiyo iliyosema ukweli kwa sauti. Na kuhusu Mayo ya 2023, tafadhali, siku saba? Timu ya watu wanaofanya kazi ofisini na mashuleni hucheza fainali ya taifa Jumapili hii, na Jumapili ijayo huambiwa ianze ubingwa kwa mechi ya jirani wa jadi. Hapo aliyekosa ni kalenda. Ukimwita mtu arusini na mazishini siku moja, usimlaumu kwa kusinzia.

Kalenda yenyewe ina sababu zake, na zinastahili heshima. Tangu 2022 msimu umekatwa vipande viwili: kaunti zicheze mwanzo wa mwaka hadi fainali ya Julai, kisha uwanja uachiwe vilabu vya vijijini, ambako ndiko wachezaji wengi mno wa mchezo huu waliko. Zamani mchezaji wa klabu alikaa kiangazi kizima hajui mechi yake itakuwa lini, akingoja nyota mmoja wa klabu yake amalize shughuli za kaunti. Kukata msimu kulimwokoa huyo. Ila kilipopungua kitambaa, mkasi ulipita upande wa ligi. Fainali za ligi zimesukumwa hadi zimegusa mlango wa ubingwa, na makocha wenye akili timamu wakaanza kuziogopa: timu iliyokwisha kujihakikishia kubaki daraja lake huona faida zaidi kuwapumzisha wakubwa wake katika wiki ya mwisho kuliko kufukuza fainali. Mshabiki aliyelipa kiingilio akaletewa kikosi cha pili, huku timu nyingine inayopigania kutoshuka ikitazama matokeo ya uwanja usioihusu. Hiyo si dosari ya asili ya ligi. Ni matokeo ya kuambiwa kwamba haina maana, neno lililorudiwa hadi wachezaji wakaamini.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni lile la Louth. Mei 2025 Louth ilishinda ubingwa wa Leinster kwa mara ya kwanza tangu 1957. Meath ilikuwa imeimaliza enzi ya Dublin katika nusu fainali, kisha Louth ikaimaliza Meath mbele ya watu zaidi ya 65,000 Croke Park. Miaka sitini na minane! Ni ligi gani, mtu atauliza, iliyowahi kutoa siku kama ile? Hakuna, na sitajaribu kuipunguza. Siku ile ilikuwa kubwa kwa sababu ya majimbo, kwa sababu ya ujirani, na kwa sababu ya fainali ya 2010 ambayo Meath hiyohiyo iliichukua kwa goli ambalo Ayalandi nzima iliona halikuwa halali. Anayetaka kuyafuta makombe ya majimbo atakuwa anachoma nyumba ili aue panya. Lakini uliza Louth ilifikaje pale. Mwaka 2021 ilikuwa daraja la nne. Ilijifunza kushinda dhidi ya timu za kufungika, ikapanda. Ikajifunza kushindana dhidi ya wagumu, ikapanda tena. Ikakaa daraja la pili misimu mitatu ikipambana na watu wa kiwango cha Dublin, Armagh na Donegal, ikipigwa mara kadhaa na bila kushuka. Kapteni aliyeinua kombe Mei aliinua mzigo uliobebwa kwenye tope la Februari nne. Bila ngazi ile, Louth ingefika Croke Park kama ilivyofika mara nyingi kabla yake, kuja kuwapigia makofi wengine.

Lipo pia neno la wale wanaosema: hizi kaunti ndogo zinajichosha bure, zicheze kidogo, ligi iwe fupi, gharama zipungue. Gharama kweli zinatisha. Kuandaa timu za kaunti, kwa mpira na magongo, kumepita yuro milioni 40 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na huo ni mchezo usiolipa wachezaji mshahara: ni chakula, mafuta ya gari, madaktari wa misuli, hoteli, wataalamu wa video. Malipo ya makocha kwa mlango wa nyuma yamelalamikiwa kwa miaka mingi ndani ya chama chenyewe. Anayesema ridhaa hii imejaa viraka hajakosea. Wala Leitrim haikukosa watu kwa uvivu. Kaunti ile haina chuo kikuu cha kuwazuia vijana. Wanasoma na kufanya kazi Dublin, wanarudi kufanya mazoezi usiku wa katikati ya wiki na kugeuza gari saa tano, na wengine hawarudi tena kwa sababu wako Sydney au Ghuba. Wasomaji walioko Dubai na Maskati huenda wamepita karibu na uwanja jioni ya Ijumaa wakaona watu wanarusha mpira kwa mikono na kuupiga juu ya nguzo. Ndio hao, walimu na wauguzi, wana klabu zao na mashindano yao ya Ghuba. Kila mmoja wao ni jezi moja iliyobaki kabatini mahali fulani Connacht.

Lakini kuipunguza ligi ni kumnyima chakula mgonjwa kwa sababu amekonda. Kijana wa miaka 22 mwenye kazi Dublin anapiga hesabu: je, safari hizi zinanipeleka wapi? Ukimwambia kwamba zinampeleka kwenye mechi saba zenye maana, ambazo nne anaweza kuzishinda na zikampandisha daraja, atajaza tangi la gari. Leitrim yenyewe ilipanda hivyo 2024, na ikacheza fainali ya daraja la nne Croke Park. Mwaka mmoja baadaye ndiyo iliyokosa kikosi. Ukimwambia kwamba mechi hizo saba ni mazoezi ya kujiandaa kufungwa alama 15 na Galway au Mayo mwezi wa nne, kijana huyo atakata tiketi ya ndege, na sioni wa kumlaumu. Kinachovuta mchezaji wa ridhaa ni uwezekano. Pesa hana, umaarufu wanaupata wachache, afya ya magoti anaipoteza. Ondoa uwezekano, umebaki na sare na mvua.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri kuliko vyote jinsi ligi inavyotazamwa kutoka juu. Mpira wa Kigaeli ulikuwa umeanza kuchosha macho: timu zikirudi zote nyuma ya mpira, pasi za mkono zikizunguka kama vikombe vya kahawa msibani. Kamati ikaundwa chini ya Jim Gavin, aliyeiongoza Dublin kutwaa Ayalandi mara tano mfululizo kuanzia 2015 hadi 2019, na ikaja na sheria mpya: anayefunga kutoka nje ya tao la mita 40 apate alama mbili, kila timu ibakize wachezaji watatu katika nusu ya mbele, kipa asianzishe kwa pasi fupi. Sheria zile zilikuwa dawa. Mchezo wa 2025 ulikuwa mzuri kuliko ule wa miaka kumi iliyopita, na baadaye mwaka huohuo zikapitishwa ziwe za kudumu. Lakini zilijaribiwa wapi? Katika ligi. Tena baadhi zikarekebishwa ligi ikiwa katikati, wakati timu zimekwisha kuvuna na kupoteza pointi kwa sheria za Januari. Hebu fikiria sheria ibadilishwe kati ya robo fainali na nusu fainali ya Sam Maguire. Nchi ingesimama. Katika ligi ilipita kama marekebisho ya ratiba, ingawa kulikuwa na kaunti zinazopigania kutoshuka daraja. Mshabiki wa timu kubwa hakujali sana. Yeye ana kiangazi. Wa timu ndogo, ambaye kiangazi chake kinaweza kuisha kwa alasiri moja, alikuwa ameshalipia dawa ya watu wote.

Sitaki kombe lolote lifutwe. Ubingwa wa majimbo uchezwe, utolewe kwa heshima yake yote, Louth na Meath wachukiane hadi kiama. Lakini viti 16 vya Sam Maguire vigawiwe na jedwali la ligi, kutoka wa kwanza hadi wa 16, bila tiketi ya mlango wa pembeni kwa aliyebahatika na droo. Kati ya fainali ya ligi na mechi ya kwanza ya ubingwa ziwekwe wiki tatu kamili kwa kila mfika fainali. Kama zinakosekana, zikatwe kwenye ratiba ya kiangazi, ambayo hadi 2025 ilikuwa na makundi yaliyochezwa mechi tatu ili kuondoa timu moja kati ya nne. Na sheria itakayoanza Januari imalize Machi ikiwa ni ileile. Chama kinachokusanya mamilioni Croke Park kinaweza pia kuanzisha mfuko wa nauli kwa wachezaji wa kaunti ambazo nusu ya kikosi chake hulala mji mwingine, kwa sababu pointi za mezani hazimsaidii hata anayepewa: Fermanagh nayo ilikosa mechi yake siku ile, na mashabiki wake walikosa safari yao.

Leitrim ilimaliza ligi ya 2025 kwa kushuka daraja. Ikarudi chini kabisa, mahali ambapo Derry ilikuwa 2019 na Louth ilikuwa 2021, na mechi zake saba huanza Januari.